Pembetatu ya 6 na 10: taarifa zinatosha au hazitoshi?

MwanaTudor: Jamani, tuamueni. Tunajiandaa kwa GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya shahada ya uzamili ya biashara, hapa Tudor na swali hili limetugombanisha. Eneo la pembetatu ABC ni ngapi? (1) Upande mmoja ni sentimita 6, mwingine 10. (2) Pembetatu ina pembe mraba. Mwenzangu ashikilia C, yaani taarifa zote mbili pamoja zinatosha: 6, 8, 10, eneo 24, basi. Kitabu chasema E, hazitoshi hata zikiunganishwa, na hakielezi kwa nini.

FundiWaLikoni: Kitabu kiko sawa. Nani kamwambia mwenzako kwamba 10 ndio upande unaoikabili pembe mraba? Chora nyingine, 6 na 10 zikutane penye hiyo pembe. Eneo linakuwa 30, na upande wa tatu yapata 11.7. Taarifa zote mbili bado ni kweli! Sisi mafundi 3-4-5 ndiyo riziki yetu: mita 3 huku, 4 kule, ukipima kati ukapata 5 kona imekaa. Lakini kona mimi nimeshaichagua kabla sijafungua futi. Nyinyi hamkupewa kona.

MwanaTudor: Hapo umenipa silaha, fundi. Na hili? Eneo la mstatili: (1) mzingo 28, (2) ulalo 10. Sisi twasema E, maana urefu haupo, upana haupo.

Maalim_Kisauni: C. Kwani mmeulizwa urefu na upana? Mmeulizwa eneo. Nusu ya mzingo, 14, ni urefu jumlisha upana. Kipeo chake cha pili, 196, kina vitu viwili ndani: kipeo cha pili cha ulalo, ambacho kwa Pythagoras ni 100, na eneo mara mbili. Toa, zabaki 96, gawa kwa mbili: 48. Na kwenye mtihani hata hiyo 48 msiitafute. Mkishaona lazima litoke jibu moja tu, wekeni alama msonge mbele.

Halafu, kitabu chenu ni cha mwaka gani? GMAT ilibadilishwa mwishoni mwa 2023. Maswali kama haya, ya kutosha kwa taarifa, yalihamishiwa sehemu ya Data Insights, yaani ya kuchambua data, na jiometri ikatolewa katika sehemu ya hesabu.

MwanaTudor: Shukran, maalim. Ni cha 2015, cha mtumba. Wallahi mwenzangu ndiye aliyekichagua.