Mrejesho: Gesi ya kupikia Mtwara kwa sisi wageni

Wadau, niliuliza kama Mkenya anayeishi Mtwara kwa kibali cha ukaazi anaweza kupata gesi ya nyumbani bila kitambulisho cha NIDA (cha taifa cha Tanzania), na kama mtungi wangu wa kilo 13 kutoka Mombasa utajazwa huku. Gesi nimepata. Mtungi wangu umekataliwa.

Dukani Shangani hakuna aliyeniuliza uraia. Mara ya kwanza unanunua mtungi pamoja na gesi, baadaye unarudisha mtupu na kulipia gesi tu. Nimechukua wa kilo 15. Kabla hujanunua, angalia kampuni ipi haikosekani mtaani kwako.

Kijana wa duka aliuleta kwa bajaji, akafunga regulata, kisha akapaka povu la sabuni kwenye maungio. Upande mmoja wa mpira povu likaanza kutoa mapovu makubwa makubwa. Akakaza klipu, akapaka tena mpaka likatulia. Tafadhali sana, fundi asiondoke kabla ya kufanya hivyo! Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, na dirisha la jikoni kwangu liko juu. Mtungi nimeuweka karibu na mlango.

Ile ya bomba kutoka Mnazi Bay (eneo la visima vya gesi huku Mtwara) mliyonitajia ni gesi asilia, hasa methani. Ya mitungi ni propani na butani. Mimi ni mpangaji, hivyo kuunganishiwa bomba nimemwachia mama mwenye nyumba. Aliyeunganishwa tayari anieleze malipo yanakwendaje.