Zulia la zambarau limevuka mwamba, sasa linapanda Montipora yangu

FundiBaridi, Tabata
Wakuu salaam. Mimi ni fundi friji, haya mambo ya samaki nimeyaingia mwaka jana kwa bahati tu. Mteja wangu mmoja alikuwa anahama Masaki, akaniuzia tangi lake la maji chumvi, lita 300, pamoja na mawe na kila kilichoota juu yake. Tulihamisha kwa bajaji tatu, mawe ndani ya ndoo. Dereva mmoja hadi leo ananidai kwamba kiti chake kinanuka soko la samaki la Feri.

Nyumbani nikapanga mawe kwa jicho langu, nikajenga mlima mmoja mzuri, jiwe juu ya jiwe. Sasa lile tumbawe la kijani lenye zulia la zambarau, Briareum, lililokuwa na kijiwe chake, limevuka na kuigusa Montipora, tumbawe gumu la chungwa, ile iliyojibandika mwambani kama rangi iliyomwagika. Montipora ilikuwa na ukingo mweupe pande zote, nikaambiwa ndiko inakokulia. Upande wa zulia ukingo umepotea, pamebaki kahawia na mwani umeanza kushika.

Nilitoeje? Jirani ananishauri nilichemshe jiwe zima. Lina pia vile vijiua vya kahawia vilivyoshikana, vinene kama vifungo vya koti.

PwezaMzee
USICHEMSHE. Hivyo vifungo vya koti yaelekea ni Palythoa. Baadhi yake vina palitoksini, sumu kali mno, na mvuke wake ukiuvuta ni balaa. Ughaibuni watu wamechemsha mawe ya namna hiyo jikoni wakalazwa, familia nzima. Hata kusugua kwa brashi ngumu usisugue. Glavu na miwani, na mwambie jirani abaki na ushauri wake.

MamaTumbawe, Upanga
Pole fundi, ila Briareum usiilaumu, kosa ni la huo mlima wako. Tumbawe tambazi hufuata jiwe linakokwenda. Ukigusanisha mawe umelijengea daraja. Nayajua hayo kwa sababu tangi langu la kwanza nililipanga hivyohivyo, na nilivyokuwa nalisifia wageni!

Zima pampu. Toa jiwe, liweke kwenye beseni lenye maji ya tangi hilohilo, ya bomba hapana. Shika ukingo wa zulia uvute taratibu. Penye jiwe laini linabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Penye vishimo litakatika, hapo chukua bisibisi bapa ukwangue mpaka uone jiwe tupu, maana kipande cha ukubwa wa punje ya mchele kinatosha kuota upya. Kisichofikika kizibe na supaglu ya jeli. Suuza jiwe kwenye ndoo nyingine ya maji ya tangi ndipo ulirudishe. Halafu weka mkaa wa chujio siku chache (wa akwariamu, si wa jiko), kwani matumbawe laini yakijeruhiwa humwaga kemikali zinazowakera wenzao.

Montipora ipe nafasi tu. Ondoa mwani kwa mswaki laini na ukingo utajirudia, ili mradi kalsiamu iko kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita na alkalini kwenye 8 au 9 dKH (kipimo cha alkalini) bila kurukaruka. Lakini usiionee huruma sana, nayo ni tambazi. Ukiisahau itapanda mpaka kwenye mguu wa pampu. Ipe jiwe lake juu, karibu na taa.

Briareum iweke chini, kijiwe chake katikati ya mchanga mtupu, upana wa kiganja kila upande. Na kama umerithi Galaxea, tumbawe jingine gumu, iache mbali zaidi, sentimita 15 au kupita. Mchana imetulia. Usiku imulike tochi uone mikono yake ya kuchoma inavyotoka.

Kunduchi_boy
Si uchukue tu mawe mapya kisiwani Mbudya, mbona yapo kibao?

PwezaMzee
Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu tangu 1975, dogo. Hata kipande usiguse. Na wewe fundi, hayo masalia usiende kuyamwaga ufukweni Coco. Yakaushe juani, yatupe na taka.

FundiBaridi
Asanteni sana. Jumamosi nimeubomoa mlima, nimetoa visiwa vitatu. Zulia lilibanduka vizuri isipokuwa nyuma, pale nimeziba na supaglu mpaka vidole vikagandana. Vile vifungo nimeviacha na jiwe lao, sivigusi.

Kuna kipande cha zulia kimeshajishika kwenye kioo cha nyuma, kama sahani ya chai. Nilitaka kukibandua, mama Zuhura akanikataza, anasema ndicho kitu pekee kwenye hilo tangi kinachopendeza. Kioo si jiwe, au hapo napo naumia?

MamaTumbawe, Upanga
Kioo sawa, linabanduka kwa kadi ya zamani ya benki. Angalia tu jiwe lisiegemee kioo.