Mjadala: Daraja la Kwanza la wanawake Zanzibar, msimu mzima au siku kumi kituoni?

Mleta mada, Chake Chake

Assalaam alaykum wanamichezo. Kuna suala linalorudi kila wanapokaa watu wa soka la wanawake hapa visiwani, na naomba tulizungumze kwa uwazi. Timu zilizo chini ya Ligi Kuu zicheze vipi? Wapo wanaotaka zikusanywe kituo kimoja, zicheze siku kumi mfululizo, bingwa apande, wengine warudi makwao. Na wapo, mimi nikiwemo, wanaotaka ziwe na ligi ya miezi, nyumbani na ugenini, Unguja peke yake na Pemba peke yake, kisha vinara wa kanda mbili wakutane mwishoni.

Nimecheza beki ya kushoto miaka saba, na sasa nafundisha wasichana. Katika miaka yote hiyo, mechi zangu zilizokuwa na waamuzi, kamisaa na pointi hazifiki hamsini. Mdogo wangu wa kiume alipitia ligi za vijana za wavulana, Junior, Juvenile na Central, na mechi zake hamsini alizifikisha kabla hajatimiza miaka kumi na minane. Mpira tulijifunzia uwanja mmoja. Yeye akikosea kukaba Jumamosi hii, Jumamosi ijayo anarekebisha. Mimi kuna mwaka nilimwachia winga kona moja ya hatari, tukafungwa, kesho yake tukatolewa, na nikakaa na kosa lile mpaka mwaka uliofuata nikicheza mabonanza tu.

Hebu tupige hesabu. Kituoni timu nane, makundi mawili ya timu nne. Anayetolewa mapema kacheza mechi tatu, anayefika fainali kacheza tano. Chukua sasa timu sita za kanda moja, nyumbani na ugenini: kila timu inapata mechi kumi, hata inayoburura mkia. Hiyo ya mkiani ndiyo ninayoifikiria zaidi, kwa sababu ndiyo yenye watoto wa miaka kumi na sita ambao bado hawajui kusimama kwenye ukuta wa adhabu. Kituoni tunawarudisha nyumbani wao kwanza.

Na tusijione wageni wa mpira huu. Mwaka 1986 mashindano ya mwanzo ya CECAFA, yaani ya nchi za Afrika Mashariki na Kati, kwa wanawake kombe lilibakia Zanzibar. Timu ya Women Fighters walikuwa wakicheza Unguja wakati sehemu nyingi za ukanda huu timu ya wanawake ni jambo la kushangaza, na kutoka humo akatoka mwalimu Nasra Juma. Mashindano yaliporudi Jinja, Uganda, mwaka 2016, tulikwenda tukafungwa mabao mengi mpaka mtu akaona haya kuuliza matokeo. Mimi naamini sababu kubwa ni uchache wa mechi huku chini.

Karibuni.

Meneja wa timu, Fuoni

Waalaykum salaam dada yangu. Nimekusoma mara mbili na sina ubishi kuhusu mechi. Lakini nauli hukuitaja hata mara moja.

Mechi moja ya ugenini Nungwi au Makunduchi ni gari la kukodi, maji, chakula cha watu ishirini na tano, na ya nyumbani ni posho ya waamuzi. Mara tano ugenini, mara tano nyumbani. Kituoni naandika barua moja, nampelekea mfadhili mmoja, akikubali nimemaliza. Timu za wanaume za vikosi vya serikali wachezaji wake wana mshahara. Timu yangu mimi inaendeshwa na mwalimu, mimi, na mwanamama mmoja anayeuza urojo.

Na nikueleze kilichonipata. Msimu mmoja tulipangiwa ligi ndefu kama hiyo unayoitaka. Tulianza vizuri, mpaka mechi ya sita pesa zikatuishia. Wasichana walikuwa wameshavaa jezi, wamekaa barazani wanasubiri gari, na mimi ndiye niliyekwenda kuwaambia kwamba gari haiji. Wenzetu wakapewa pointi tatu na mabao matatu mezani. Wawili kati ya wale wasichana hawakurudi tena mazoezini. Zikifanya hivyo timu tatu, ligi nzima haina maana tena, na bingwa anapatikana kwa mechi ambazo hazikuchezwa.

Usisahau pia kwamba sisi si wanachama wa FIFA, kwa hivyo fungu lake haliji hapa moja kwa moja. CAF, shirikisho la soka la Afrika, walitupa uanachama kamili Machi 2017, wakautengua Julai mwaka huohuo. Anayepanga ligi Zanzibar apange kwa mfuko wa Zanzibar.

Mzazi, Wete

Mimi si mtu wa kuandika sana. Binti yangu ana miaka kumi na saba, anacheza kiungo.

Aliniomba ruhusa ya kwenda kwenye mashindano ya kituo Unguja. Boti ya usiku, siku kumi, wanalala kwenye madarasa ya skuli, magodoro chini. Niliuliza nani analala mlangoni, hakuna aliyenijibu. Nikakataa. Alilia, na mimi nilikosa usingizi vilevile.

Baadaye wakacheza hapahapa Pemba, uwanja wa Finya, saa kumi alasiri. Nilisimama nyuma ya goli nikamwona mwanangu kwa macho yangu anavyogawa mpira. Kabla ya magharibi tumo nyumbani. Tangu siku ile sijamkataza tena. Mnapokuta wazazi wa Pemba wanakataa, msiseme haraka kwamba wanaukataa mpira. Waulizeni kwanza wanakataa nini.

Kutoka Micheweni

Sina ugomvi na mtu humu. Lakini mnajadili mtindo wa ligi kana kwamba suala la mwanzo limekwisha. Binti wa Kiislamu kukimbia mbele ya wanaume, mimi sioni kama inafaa, na niko tayari kulisema hadharani. Hizo nauli zingewanunulia vitabu.

Mleta mada

Ndugu yangu wa Micheweni, nakujibu wewe kwanza, kwa heshima. Baba yangu alisema maneno hayohayo, na hakuwa mtu mbaya. Wasichana wangu wanacheza na suruali ndefu ndani ya bukta, mikono mirefu, na hijabu iliyobana. Tangu 2014 sheria za mpira zinairuhusu hijabu uwanjani, na ikiwa imefuata sheria hizo mwamuzi hana sababu ya kumwambia mtu aivue. Mazoezi yetu hayagongani na chuo cha Kurani wala na swala. Anayeona haifai kwa binti yake, binti ni wake, simwendei mlangoni. Ninachokiomba ni kwamba yule ambaye mzazi wake ameridhia apate ligi inayoeleweka. Na vitabu na mpira havigombani: ratiba ya wikiendi inamwacha darasani Jumatatu mpaka Ijumaa. Kituo cha siku kumi ndicho kinachomtoa skuli.

Mzee wangu wa Wete, shikamoo. Ulichokiandika kimenifanya niache kazi niliyokuwa nayo nikakae. Nimewapoteza wachezaji wanne kwa sababu ya kambi, na mara zote nililaumu wazazi.

Kaka wa Fuoni, hadithi ya wasichana wa barazani imeniumiza, naijua. Nitakurudia kuhusu pesa, nipe mpaka usiku.

Kutoka Jambiani

Mimi niliwahi kuwa kipa, sasa nalima mwani. Nataka kuongeza kitu ambacho watu wa mjini hamkioni.

Nusu ya timu yetu ni wasichana wanaoshuka pwani na mama zao. Wakati wa bamvua maji yanakauka mbali, ndiyo siku za kufunga na kuvuna mwani, na huwezi kumwambia mtu aache kamba zake aje mazoezini. Siku za maji mafu, yasipokauka mbali, tuko huru. Basi kituo kikipangwa siku kumi na zikaangukia kwenye bamvua, sisi tunapeleka timu ya watu kumi na mmoja bila akiba. Imetutokea. Ligi ya miezi inaweza kukwepa, leo mechi, wiki ya bamvua pumzika. Pemba nao wana karafuu, zikikomaa kila mtu yuko shambani au anachambua. Ramadhani nayo ipo. Anayepanga ratiba akae na watu wa pwani na wa mashamba kabla ya kuichapisha.

Kutoka Kikwajuni

CAF siku hizi inataka klabu ya wanaume inayokwenda kwenye mashindano yake iwe na timu ya wanawake. Ni kanuni nzuri. Lakini daraja la chini likiwa la siku kumi, klabu inaweza kuokota wasichana wiki mbili kabla, ikawavisha jezi, ikajaza fomu, ikawaacha. Ligi ya miezi mitatu huwezi kuigiza namna hiyo, utaonekana.

Halafu fikirieni wanaokwenda juu. New Generation Queens walituwakilisha Nairobi mwaka 2021 kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa wanawake, Warriors Queens wakaenda Dar es Salaam 2022. Mwaka huo wa 2022 waliobeba ubingwa wa mchujo huo ni Simba Queens wa Tanzania Bara, ambao walikwenda wakamaliza wa nne Afrika. Simba Queens wanatoka kwenye ligi inayokwenda mzunguko kwa mzunguko tangu msimu wa 2016/17. Timu zetu zinawaendea na wachezaji walioingia Ligi Kuu kwa mechi tano.

Meneja wa timu, Fuoni

Yote sawa. Bado sijaona nauli.

Mleta mada

Nimekaa na daftari, kaka, na nimelifanyia hesabu daraja la kwetu Pemba, kwa sababu ndilo ninalolijua.

Tuseme timu sita. Jumamosi timu nne zinakutana uwanja mmoja, mechi mbili, moja saa nane, nyingine saa kumi. Waamuzi walewale, kamisaa yuleyule, gari la wagonjwa lilelile. Jumapili mechi moja iliyobaki. Wiki hii Gombani, wiki ijayo Finya, inayofuata Mkoani. Timu za njia moja zinapanda gari moja: wa Konde wanawapitia wa Wete, wanashuka pamoja. Najua watasema wapinzani hawapandi gari moja. Tumeshafanya, walikwenda wakiimba na walirudi wamenyamaza upande mmoja, hakuna aliyepigana. Kwa hivyo gari sita zinakuwa tatu au nne, na posho tatu za waamuzi zinakuwa mbili. Wikiendi kumi, ligi imekwisha.

Chakula hakuna haja ya kila timu kubeba chake. Wenyeji wapike, kila timu itakuwa mwenyeji zamu yake. Wali na mchuzi wa samaki, akina mama wa timu wanaweza, na wakishapika watakaa watazame, na hao ndio watazamaji tunaowatafuta kila siku.

Unguja ni pakubwa zaidi na sitajifanya najua barabara zenu. Lakini wewe wa Fuoni na wenzako wa njia ya kusini mnaweza kujaribu hesabu hiyohiyo.

Kanda mbili si jambo jipya pia. Ligi Kuu ya wanaume iliwahi kuchezwa Unguja peke yake na Pemba peke yake, halafu nane bora. Hapo mwisho ndipo tutakapopanda boti, vinara wawili wawili, siku nne tu badala ya kumi, na wazazi wawili wa kila timu wasafiri nao. Mzee wa Wete, ukitaka kulala mlangoni, nafasi ni yako. Nasema kweli, si maskhara.

Na tuache kusema Pemba hakuna wa kuja uwanjani. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lililetwa Gombani, Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa ya wanaume, wakamfunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Watu wanakuja wakipelekewa mechi.

Mzazi, Wete

Nitakwenda. Andika jina.

Meneja wa timu, Fuoni

Dada, hesabu yako ya gari nimeipitia na mwalimu wangu. Kwa njia ya kusini inakubali, kaskazini bado. Nakubaliana nawe kwa masharti mawili. La kwanza, kanuni iandikwe kabla ya msimu: timu ikikosa gari, mechi isogezwe wiki moja kwanza, pointi za mezani ziwe ni jambo la mwisho. Waliokaa barazani siku ile wangerudi kama ningeweza kuwaambia "tutacheza Jumamosi ijayo." La pili, posho za waamuzi wa daraja hili zisitoke mfukoni mwa timu. Hapo sitarudi nyuma, kwa sababu ndizo zilizotumaliza.

Kutoka Micheweni

Rai yangu haijabadilika. Lakini la wazazi kusafiri na watoto wao ni la busara, na hilo lingefaa hata kwa wavulana.

Mleta mada

Masharti yote mawili nayachukua, la posho nalitanguliza. Rasimu ya ratiba ya Pemba nimeshaianza, nimeruka Ramadhani na wiki za mitihani. Karafuu nimeiachia nafasi, ila nani anayejua mwaka huu zitakomaa lini? Ya Unguja inahitaji mtu wa kunipa siku za bamvua za miezi mitatu.

Kutoka Jambiani

Ninazo. Nakuandikia leo jioni nikitoka pwani.