Ushauri: Gharama ya kuchaji gari la umeme kwa mpangaji mwenye mita ya kuchangia

Mwendambali
Wakuu, habari za majukumu. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela.

Nimepata gari la umeme lililotumika. Lilipokuwa jipya betri yake ilikuwa ya uniti 40. Muuzaji anasema nitasahau habari za mafuta. Jamaa yangu mwenye gari la aina hiyohiyo ananiambia niachane nalo, kuchaji kunamkamua kuliko alivyokuwa akinunua petroli. Wote wawili nawaamini, hapo ndipo nilipokwama.

Kazini kwenda na kurudi ni km 60, siku tano kwa wiki. Gari nililonalo linakwenda km 12 kwa lita. Nimepanga, na pa kuegesha ni chini ya dirisha langu kabisa, ila mita ya umeme tunachangia kaya tatu na sitaki ugomvi wa bili na majirani. Kuna kituo cha kuchaji kwa kasi njiani. Gharama halisi ikoje, na nichajie wapi?

Mzee wa Mita
Mkuu, kwanza muulize huyo jamaa anachomeka wapi. Uniti ya kituo cha kasi kwa kawaida inauzwa ghali kuliko ya nyumbani, na sehemu nyingi inafika mara mbili au tatu. Mwenye kituo amelipia mashine, transfoma na laini kubwa ya umeme, na vyote hivyo anavirudisha kwenye bei. Kwa hiyo watu wawili wenye gari moja na safari moja wanaweza kukupa majibu yanayopingana, na wote wakawa wanasema kweli.

Sasa hesabu yako. Gari la ukubwa huo hutumia uniti 16 hivi kwa km 100. Hizo ni za ndani ya betri, ndizo dashibodi inazokuonyesha. Mita haihesabu hizo. Umeme wa ukutani unapogeuzwa kuingia kwenye betri sehemu yake inapotea kama joto, mara nyingi asilimia 10 hadi 15, kwa hiyo weka uniti 18 ukutani. Kwa wiki unakwenda km 300, yaani uniti 54. Petroli kwa km hizohizo ni lita 25.

Gawa 25 kwa 54, unapata 0.46. Maana yake uniti moja ikiuzwa chini ya asilimia 46 ya bei ya lita moja ya petroli, umeme unakulipa. Ikizidi hapo, petroli ndiyo rahisi. Chukua bei ya uniti ya nyumbani upime, kisha chukua ya kituo upime. Utaona mwenyewe muuzaji na jamaa yako wanapoachana.

Dada Kilometa
Naongezea jambo ambalo wengi hawaliulizi: kituo kinatoza kwa uniti au kwa dakika? Kama ni kwa dakika, kuwa makini sana. Betri ikifika karibu asilimia 80 gari lenyewe linapunguza kasi ya kupokea umeme ili kulinda seli. Kutoka 80 hadi 100 kunaweza kukuchukua muda sawa na ule wa kutoka 20 hadi 80, na dakika zinahesabiwa bei ileile. Ukifika 80 chomoa uondoke. Vituo vingine pia vinatoza ukiliacha gari limechomekwa baada ya kujaa.

Mwendo nao unalipiwa. Ukinzani wa upepo unapanda kwa mraba wa kasi, hivyo ukitoka 90 kwenda 120 kwa saa ukinzani huo unakuwa karibu mara 1.8. Hizo uniti 16 alizotaja mkuu hapo juu ni za mtu anayeendesha kwa utulivu.

Fundi Waya
Kabla ya bei tuzungumzie soketi, maana hapa nimeona mambo. Niliitwa kwenye nyumba moja, plagi ya gari imeng'ang'ania ukutani haitoki. Plastiki ya soketi imegeuka kahawia na kulegea, ikabidi tufungue kasha zima. Walikuwa wanachajia kwa ekstensheni ya roli, waya wote umebaki umeviringishwa. Waya ulioviringishwa hauna pa kutolea joto, na gari halivuti umeme dakika chache kama pasi, linavuta masaa mfululizo.

Usitumie ekstensheni. Fundi akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye kasha la breka, waya mnene, breka yake na kinga ya umeme unaovuja. Kwa km 60 huhitaji chaja kubwa. Soketi nzuri ya ampea 10 kwenye volti 230 inatoa kilowati 2.3, yaani uniti 2.3 kila saa. Matumizi yako ya siku ni kama uniti 11, hivyo masaa matano usiku yanatosha.

Mzee wa Mita
Nakubaliana na fundi, ila chaja ya ukutani ya kilowati 7 hupoteza umeme kidogo kuliko soketi. Gari likichaji, kompyuta na vifaa vyake vingine vinakuwa macho muda wote. Ukichaji polepole vinakula kwa masaa mengi zaidi. Tofauti hiyo si ya kukufanya ukope pesa ya chaja, lakini ipo.

Jirani Mwema
Kwangu mimi kitakachokusumbua ni hiyo mita ya kuchangia. Uniti 54 kwa wiki ni zaidi ya 230 kwa mwezi. Mita ndogo kwenye laini ya gari itaonyesha ulichotumia, sawa. Lakini angalieni bili yenu: umeme unatozwa bei moja, au kwa ngazi zinazopanda kadiri mnavyotumia? Kama ni ngazi, gari lako litawasukuma wote watatu kwenye ngazi ya juu, na jirani ambaye hajaongeza hata balbu atalipia uniti zake ghali zaidi. Ukimlipa uniti zako tu bado umemdhulumu. Njia ya haki ni kuomba mita yako mwenyewe. Ikishindikana, kokotoeni bili ingekuwa kiasi gani bila gari, nyongeza yote ulipe wewe. Andikeni na mwenye nyumba asaini.

Mwendambali
Wakuu, nashukuru sana. Nimemuuliza jamaa: hana pa kuchomeka nyumbani, anachajia kituoni tu, kinatoza kwa dakika, na anajaza hadi 100 kila mara. Bili yetu hapa ni ya ngazi kweli, Jirani Mwema umeniokoa. Mwenye nyumba amekubali niombe mita yangu, gharama juu yangu.

Jipya ni hili: betri imepimwa, imebaki na asilimia 74 ya uwezo wake. Hiyo itanipandishia gharama?

Dada Kilometa
Kwa kilometa moja, si sana. Betri iliyochoka haifanyi gari litumie umeme mwingi kupita kiasi, ila inabeba kidogo. Asilimia 74 ya 40 ni uniti 29 na ushee, na ukitembea kati ya 80 na 20 unapata kama km 110. Kazini unakwenda na kurudi bila shida. Gharama itajificha kwenye safari ndefu: betri ndogo inakupeleka vituoni mara nyingi, na huko ndiko uniti ni ghali. Kama unasafiri mbali mara kwa mara, hilo liingie kwenye bei unayompa muuzaji.

Angalia pia tundu la kuchajia kwa kasi. Nissan Leaf kutoka Japani huja na CHAdeMO, magari ya soko la China huja na GB/T, na vituo vingi vinavyojengwa Ulaya ni vya CCS. Nenda kwenye hicho kituo cha njiani ukaangalie kebo zake kwa macho kabla hujalipa.

Mzee wa Mita
Na umwombe muuzaji akupe gari siku moja. Lichaji hadi 80, andika kilometa, endesha njia yako ya kazini saa ileile ya foleni, kiyoyozi kikiwa kama unavyokitumia siku zote. Ukirudi lichaji tena hadi 80 kupitia mita ndogo ya plagi, soma uniti zilizoingia, gawa kwa kilometa. Muuzaji akikataa kukupa siku hiyo, tafuta gari jingine. Akikubali, leta namba zako hapa pamoja na bei ya uniti kwenye ngazi utakayoangukia na mita mpya, tuzipige hesabu.