Hatua za heroe majini: mtazamaji aambiwe zimetengenezwa

Mwenzetu aliyefungua mjadala huu ameshikilia kwamba filamu ya hali halisi kuhusu Ziwa Nakuru ikitumia mlio wa hatua za heroe (flamingo) uliotengenezwa studioni ni uongo, na inafaa ipigwe marufuku. Aliyemjibu amesema kwamba kila mtayarishaji hufanya hivyo, basi hakuna la kujadili. Kwa heshima, naona wa kwanza anadai kisichowezekana, naye wa pili anapuuza haki ya mtazamaji.

Heroe ni ndege mwoga. Mpiga picha humnasa kwa lenzi ndefu akiwa mbali, na maikrofoni iliyo ufukweni hupokea upepo na kelele za kundi zima, wala si mguu mmoja ukikanyaga maji. Ndiyo maana fundi wa sauti hukaa mbele ya picha na kuchezesha vidole katika karai la maji lililotandikwa taulo chini ili lisivume. Ufundi huo umepewa jina la Jack Foley, Mmarekani aliyeutumia katika studio za Universal mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu zilipoanza kuwa na sauti. Katika filamu za kubuni sina pingamizi nao hata kidogo.

Katika filamu za hali halisi, hata hivyo, mlio hubeba habari. Sauti ya maji yanayokanyagwa hutokana zaidi na vipovu vya hewa vinavyonaswa ndani yake: kipovu chenye nusukipenyo cha milimita 1 hutetema takriban mara 3,300 kwa sekunde, na kadiri kinavyokuwa kikubwa ndivyo mlio unavyozidi kuwa mzito. Kina cha maji, kasi ya mguu na ugumu wa sakafu hubadilisha vipovu hivyo. Kingo za Ziwa Nakuru ni tope laini la magadi linalomeza mguu na kuuachilia polepole, ilhali karai hutoa chubwi kali, safi, ambayo ufuo ule hauijui.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Maji ya ziwa yalipopanda katika muongo wa 2010, ukali wa magadi ulipungua na heroe wengi wakahamia kwingine, likiwemo Ziwa Bogoria. Mtoto wa Nakuru ambaye hajawahi kuona kundi kubwa atalijua ziwa la zamani kupitia filamu hizi, na atayaamini masikio yake.

Kwa hiyo napendekeza mstari mmoja, kwa Kiswahili, kabla ya filamu kuanza, useme ni sauti zipi zilizotengenezwa. Na fundi, kabla ya kugusa karai, arekodi tope la ufuo wenyewe kwa idhini ya wasimamizi wa hifadhi. Wafadhili hutajwa kwenye kila filamu bila mtu kulalamika kwamba utamu umeharibika. Mwenzetu wa pili atueleze, basi, mstari huo utamgharimu mtayarishaji nini.