Naomba ushauri: kazi yangu kila mtu anaisifu, mbona mimi sina furaha?

Madam wa Uniti
Mulembe wana jamvi. Usingizi umenihama, naomba ushauri. Matusi niwekeeni akiba.

Mimi ni mwalimu wa watoto wenye ulemavu wa akili, kwenye uniti iliyo ndani ya shule ya msingi ya kawaida, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Nimeajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu, ajira ya kudumu. Kazi hii hakuna asiyeisifu. Kanisani mchungaji hunisimamisha watu wanione. Wazazi wananiita malaika. Mwakilishi wadi alikuja siku ya zawadi akasema thawabu yangu iko mbinguni, akapanda gari akaenda zake.

Kuna kijana mmoja ambaye tangu mwaka jana tumekuwa tukipambana na vifungo vya shati. Unamwanzisha chini kwenda juu, maana huko chini anaona mikono yake na shati haliendi upande. Juzi akafunga vyote peke yake, akatoka mbio hadi jikoni kumwonyesha mpishi. Mpishi akalia. Walimu wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mtoto, naangalia saa, najiuliza kengele inalia lini.

Sasa pale Lubao kuna agroveti, duka la dawa na chakula cha mifugo, ambayo mwenyewe anaiacha. Nilienda kuiona Jumatano, mbwa wamefungwa kamba hadi kando ya barabara, kelele tupu. Nikasimama nyuma ya kaunta nikapimia mama mmoja chakula cha kuku, kilo mbili. Akalipa, akaenda. Hakuniita malaika. Jamani, nilisikia raha.

Swali langu: ni kweli kwamba kazi yenye maana ndiyo humpa mtu furaha? Kama ni kweli, yangu iko wapi? Nikae au niache?

Omwami wa Shinyalu
Maana ya kazi ni ujumbe wa benki kuingia mwisho wa mwezi. Vijana wana digrii za ualimu wanaendesha bodaboda hapa Khayega, wewe uko na ajira ya kudumu unatafuta raha ya kupima chakula cha kuku. Nipe hiyo namba yako ya TSC nikusaidie kuibeba.

Nyar Kisumo
Dada, usimsikize huyo. Mimi niliacha ofisi ya bima nikaanza kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kibuye. Watu wakaanza kusema eti nimefuata ndoto yangu. Ndoto gani? Ni omena! Mbalamwezi ikiwaka samaki hawavuliki vizuri, bei inapanda, wateja wananitukana mimi kama ndimi niliyeuwasha huo mwezi. Lakini asubuhi naamka bila ule uzito wa kifua. Shida yangu ya sasa ni jirani wa kibanda, mwanamke mmoja ananimwagia maji ya samaki mlangoni kila jioni, nikimwambia anasema mteremko ndio unaleta. Mteremko gani unapanda juu? Kuna mtu anajua hiyo kesi mtu anaipeleka wapi, kwa kaunti au kwa chifu?

Karani Mstaafu, Nakuru
Nyar Kisumo, anza na kamati ya soko. Tumuachie mwalimu uzi wake.

Mwalimu, mwaka wa 1997 mtafiti wa Marekani, Amy Wrzesniewski, na wenzake walichapisha utafiti juu ya namna watu wanavyoitazama kazi yao: wengine ni riziki tu, wengine ni ngazi ya kupandia cheo, wengine ni wito. Kilichonishangaza mimi ni makarani 24 wa chuo waliokuwa ndani yake. Wanafanya kazi inayofanana, lakini walijigawa karibu sawa katika mafungu yote matatu. Nilikaa masjala miaka mingi Nakuru, na ninawajua hao makarani kwa sura! Mmoja faili ni mzigo, mwingine ni ngazi, wa tatu akipata barua ya pensheni ya mjane iliyopotea anafurahi siku nzima. Kwa hiyo swali si kama kazi yako ina maana. Swali ni kama wewe bado unaiona.

Na usisahau pensheni. Unakatwa asilimia 7.5, serikali inaongeza 15. Hakuna kaunta ya Lubao itakayokuongezea hiyo.

Madam wa Uniti
Asante mzee wangu. Kuiona ninaiona. Yule mtoto akifunga kifungo najua ni jambo kubwa kuliko nitakavyofanya agroveti maisha yangu yote. Hilo ndilo linaloniumiza. Ingekuwa kazi ya bure ningeacha zamani.

Jaduong' wa Asembo
Mnazungusha maneno. Kwetu Rarieda, mwaka wa 2011 na 2012, shirika la misaada la GiveDirectly lilitumia familia pesa kwa M-Pesa bila masharti, kwa kura. Watafiti wakarudi kuwauliza hali. Waliopata walikuwa na furaha zaidi, mawazo yamepungua, na hawakukimbilia pombe kama wengi walivyotabiri. Hakuna aliyepewa kazi yenye maana pale. Walipewa pesa, wengine wakatoa nyasi wakaweka mabati.

Ila kuna kipande ambacho watu huruka: majirani waliokosa, kuridhika kwao na maisha kulishuka. Ukiona bati la mwenzako linang'aa, paa lako la nyasi linaanza kuvuja hata kama halivuji. Sasa wewe mwalimu, bati la nani unaliangalia?

Omwami wa Shinyalu
Bati la agroveti 😂

Mtoto wa Miwa
Baba yangu alifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha sukari huku kwetu, alikuwa kwenye mizani, unajua pale lori za miwa zinapopimwa. Kiwanda kikasimama. Mzee aliendelea kuamka saa kumi na moja, anavaa buti, anakaa nje ya nyumba. Mama akimuuliza unaenda wapi anasema anangojea jua lipande. Hakuna aliyewahi kumwita malaika kule kiwandani, na kazi yenyewe ilikuwa kuandika tani. Lakini alikuwa na mahali pa kuitwa. Nasema tu.

Fundi Bahati
Hadithi tamu zote hizi. Madam, umetuambia mbwa, vifungo na mchungaji. Pesa hujataja. Hiyo agroveti unainunua na nini?

Madam wa Uniti
Nina akiba kidogo. Tafadhali turudi kwenye swali.

Fundi Bahati
Hilo ndilo swali. Akiba kidogo ya mwalimu hainunui duka. Ni akiba au ni mkopo?

Madam wa Uniti
Ni mkopo wa Sacco, chama chetu cha akiba na mikopo. Na si lazima kila kitu kianikwe hapa.

Fundi Bahati
Umeomba ushauri hapa. Kiasi gani, na nani wamekudhamini?

Madam wa Uniti
Laki sita. Wadhamini ni walimu watatu wa shule yetu. Fomu ilisema ni ya kuezeka nyumba, na nyumba kweli nitaiezeka, duka likishaanza kuzunguka. Gudwili, ile pesa ya kuachiwa duka na wateja wake, nimeshalipa, laki moja na themanini, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine anaitaka na mwenye duka hakuwa wa kungoja. Kila mtu anachukua mkopo wa nyumba anafanyia kitu kingine, msijifanye. Na makato nitayalipa kutoka dukani.

Fundi Bahati
Haya, tumefika nyumbani.

Hesabu ni hii. Sacco nyingi zinakukopesha mara tatu ya akiba yako, kwa hiyo una kama laki mbili mle. Ukiacha kazi, mshahara hakuna, makato hakuna. Ukishindwa kulipa miezi ya kwanza, Sacco inakula zile laki mbili, kisha inawageukia wale watatu. Kila mmoja zaidi ya laki moja na thelathini, kwenye mshahara wake, kwa ajili ya mabati ambayo hayapo. Mimi nilidhamini binamu. Nimelipa pikipiki ambayo sijawahi kuipanda.

Nyar Kisumo
Wuoi! Sasa hii si mambo ya furaha tena.

Agroveti Bungoma
Niko kwenye hii biashara, ngoja niseme kidogo. Dawa za wadudu unahitaji leseni ya Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu. Dawa za mifugo ni leseni nyingine, na lazima kuwe na mtu aliyesomea. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, inakaa kwenye friji. Umeme ukipotea usiku kucha, asubuhi unauza maji. Pesa inaingia Machi na Aprili watu wakipanda, baadaye ni daftari la madeni. Na ukidhani hutaitwa malaika, umepotea. Viwavijeshi walipoingia Magharibi mwaka wa 2017, watu walikuwa wananigongea nyumbani usiku na majani ya mahindi mkononi. Mama analeta kifaranga kinachokufa ndani ya kikapu anakutazama usoni. Dawa ni shilingi hamsini, hana. Utafanyaje?

Mpelelezi wa Bure
Samahani niwaharibie. Huu uzi ni wa kutunga.

Moja, akaunti imefunguliwa wiki hii. Mbili, mwalimu gani wa Kakamega anaandika Kiswahili kimenyooka hivi? Tatu, na hii ndiyo kubwa: anasema alienda Lubao Jumatano akakuta mbwa wamejaa barabarani. Soko la mbwa la Lubao ni Ijumaa. Mtu wa huko hawezi kukosea hiyo. Huyu amekaa Nairobi, amesoma habari ya mbwa kwenye gazeti, sasa anawalisha maneno.

Omwami wa Shinyalu
Kwani mbwa wa Jumatano hawawezi kupita? Lakini kweli, ni Ijumaa. Babu yangu alinunua pale mbwa akaambiwa ni mkali, hadi leo kinachomfukuza mwizi ni babu.

Karani Mstaafu, Nakuru
Mimi nilishuku pale kwa mpishi kulia.

Mpelelezi wa Bure
Mwalimu, jibu. Jumatano au Ijumaa?

Madam wa Uniti
Mpishi alilia, mzee. Ni mama, na mtoto wake mwenyewe yuko uniti yangu.

Na ilikuwa Ijumaa. Niliandika Jumatano kwa sababu Jumatano jioni nina mapumziko, na kuna watu wa shule yetu wanasoma hapa. Ijumaa nilimwambia mwalimu mkuu naenda kliniki. Mmeridhika?

Mpelelezi wa Bure
Naondoa neno. Pole Madam. Hapo sasa nimeamini hata la kiti cha mtoto.

Nyar Kisumo
Kwa hiyo Ijumaa watoto walikaa na nani?

Madam wa Uniti
Na mpishi.

Mtoto wa Miwa
Niulize bila ubaya. Uniti nzima ni wewe peke yako? Umewahi kuomba msaidizi?

Madam wa Uniti
Niliomba. Nimeomba kwa maandishi na kwa mdomo. Nikajibiwa nina moyo. Mzazi anachelewa kumchukua mtoto hadi giza, nikimwuliza anasema Mungu akubariki. Kila nikiomba mkono wa pili napewa sifa. Ndiyo maana nawaambia nimechoka na hilo neno maana. Mwalimu wa hisabati akisema darasa limemzidi, kikao kinaitishwa. Mimi nikisema, naambiwa ni wito.

Karani Mstaafu, Nakuru
Hiyo ungeianza nayo, mwalimu. Ungetuokoa kurasa mbili.

Jaduong' wa Asembo
Bodi ya shule inaweza kuajiri mfanyakazi wake. Huyo mpishi, ambaye tayari anawajua watoto, nusu siku uniti, nusu siku jikoni, mpishi wa pili atafutwe. Ni pesa ndogo kuliko hiyo gudwili.

Madam wa Uniti
Nimesikia, baba. Lakini gudwili imeshaenda, na hairudi. Siwezi kuitupa laki moja na themanini kwa kungojea bodi ikae.

Fundi Bahati
Hujaitupa wewe. Ni ya wale watatu. Waambie kabla Sacco haijawaambia.

Madam wa Uniti
Mmoja nitamwambia. Wawili wana midomo.

Agroveti Bungoma
Basi kama umeamua, angalau usiibiwe. Mkihesabu mali, soma tarehe ya mwisho ya kila chupa, usikubali katoni iliyofungwa. Uliza madeni ya daftari ni ya nani. Leseni haihamishwi kwa maneno, utaomba yako. Na uhakikishe friji ni sehemu ya bei.

Madam wa Uniti
Nimeandika yote, asante ndugu. Friji haiko kwenye orodha. Amesema anaihitaji.

Agroveti Bungoma
Anaihitaji ya nini mtu anayeacha biashara?

Madam wa Uniti
Anafungua nyingine Malava, mji wa mbele kidogo.

Omwami wa Shinyalu
Na wateja je?

Madam wa Uniti
Amesema atawaaga.