Lindi 1917: nani alijipanga vizuri, Mjerumani au Mwingereza?

Kijana wa Mtama
Jana tumebishana kijiweni Mnazi Mmoja mpaka chai ikapoa kuhusu Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu kusini, ubishi nauleta hapa. Mimi nasema Mjerumani. Jeshi lake lilikuwa kampuni kampuni: askari kama 160, Wajerumani wachache, bombomu (bunduki za rashasha) zake na wapagazi wake. Kampuni inatembea, inakula na kupigana bila kumsubiri mtu. Mwingereza kaja na meli 1917, kashusha watu Kilwa na Lindi, vikosi viwili visivyoonana. Ndiyo maana akapigwa pale Mahiwa, bara ya Lindi.

Mvuvi Mikindani
Kaka, tarehe umeteleza. Kilwa, Mikindani na Lindi zilichukuliwa kwa meli Septemba 1916. 1917 ni mwaka wa kutoka pwani kwenda bara. Na vikosi viwili halikuwa kosa. Cha Kilwa kilikuwa kimsukume Mjerumani kusini, cha Lindi kipande na mto Lukuledi kimzibie njia ya Ruvuma. Mtego mzuri kabisa. Uliharibika Oktoba, pale Mahiwa, askari Wanaijeria wa Mwingereza walipotumwa kumkata Jenerali Wahle wa Mjerumani kwa nyuma wakazingirwa wao, na Jenerali Beves wa Mwingereza akawa anapeleka watu uso kwa uso na mahandaki.

Kijana wa Mtama
Sasa si umenikubalia? Siku nne Mwingereza kapoteza watu zaidi ya 2,000. Von Lettow, mkuu wa jeshi la Mjerumani, hakuwa na zaidi ya 1,500 au hivi.

Mvuvi Mikindani
Na katika hao kapoteza kama theluthi, hana pa kupata wengine. Mwingereza alikuwa anaongeza tu batalioni za KAR, jeshi lake la askari Waafrika, kaanza vita na tatu, kamaliza na 22. Novemba 25 Von Lettow huyo kavuka Ruvuma kaingia Msumbiji kwa Mreno. Mshindi gani anahama?

Mnachingwea
Nyote mnajipa raha na vita vya wenyewe. Sisi watu wa kusini tulikuwa wapagazi tu. Jeshi lilikuwa la wageni.

Binti Sudi
Wapagazi *tu*? Rudia hilo neno taratibu, kaka.
Meli ya Mjerumani iitwayo Marie iliingia hapa kwetu Sudi Machi 1916 na mizinga, risasi na dawa. Shehena ilikuja imeshafungwa mafurushi ya kubebwa na mtu mmoja mmoja. Yaani huko Ulaya walipokuwa wanapakia walishajua ni kichwa cha nani kitabeba. Hakukuwa na reli hapa wala lori. Babu yake mama alibeba. Bibi alikuwa akituonyesha kwa kidole pale utosini, mahali ambapo nywele za baba yake hazikuota tena mpaka anazikwa.

Mnachingwea
Dada, sijamtukana babu yako. Nimesema hakuwa askari.

Binti Sudi
Umesema *tu*.

Mwalimu Mstaafu Newala
Wanangu, nendeni Dar mkaisome sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927. Imeandikwa wazi kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya majeshi. Na Kariakoo ni jina la kikosi chao, Waingereza walikiita Carrier Corps. Hesabu za Waingereza wenyewe zinakiri wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wao, wengi kwa kuhara na njaa.

Kijana wa Mtama
Shikamoo mwalimu. Ila swali langu lilikuwa la mpangilio wa majeshi jamani.

Binti Sudi
Ndilo ninalojibu! Umeandika mwenyewe kampuni ina "wapagazi wake", halafu ukihesabu nguvu unahesabu bunduki peke yake. Meli ya kivita ya Mjerumani, Königsberg, ilizama Rufiji Julai 1915, mizinga yake ikapigana nchi kavu miaka miwili zaidi. Unadhani ilitembea yenyewe? Ilivutwa kwa kamba na watu, porini, masika. Toa hao watu, huyo Von Lettow wenu angefia Rufiji.

Mvuvi Mikindani
Hapo kanikamata hata mimi. Nimesema Mwingereza alikuwa anaongeza batalioni, sikusema nani alizibebea unga kutoka Lindi mpaka Nyangao.

Mnachingwea
Sawa, na mimi nina babu. Yeye alikamatwa shambani, anapalilia. Hakuulizwa, hakuvishwa sare, mihogo aliyoiacha ikaliwa na haohao waliomchukua. Mkimwita sehemu ya jeshi la Mjerumani mnampa heshima ambayo hakuiomba. Mimi naona mnamfunga upya.

Mwalimu Mstaafu Newala
Hilo ni zito, mwanangu.

Binti Sudi
Ni zito kweli. Lakini ukimtoa kwenye jeshi hatoki na uhuru wake, anatoka kwenye hesabu. Wa Mahiwa wenye bunduki wamehesabiwa. Wa kwetu waliolala njiani pale pale hawana hata namba.

Mnachingwea
Neno *tu* nalifuta, na bibi yako anisamehe. Kuwaita jeshi bado sikubali.